Mufereji wetu utalipwa na zahabu ya nani?

Kamaradi mmoja wa sendika yetu anachimba kule Mongbwalu, lakini familia yake inakaa hapa Bunia, upande wa chini, karibu na muto Nyamukau. Mwezi wa kumi alishuka na pikipiki kuona bibi yake na watoto. Mvua ilimukamata njiani, akafika usiku, saa tano imeshapita. Alikuta bibi yake amesimama juu ya meza, mutoto mudogo mugongoni, wakubwa wawili juu ya kitanda, na maji ndani ya nyumba yanapita magoti. Mifuko kumi na miwili ya simenti, ile aliyoinunua kidogo kidogo kwa miezi saba ya shimo ili amalizie nyumba, ilikuwa chini. Simenti ikishakunywa maji inakuwa jiwe, haina dawa.

Kesho yake alikuja kwangu, bado na matope kwa suruali. Hakulia. Aliniuliza tu: «Kamaradi, mimi kule shimoni kila siku tunaanza na kutoa maji, bila hiyo hakuna kazi. Sasa hapa mujini, nani kazi yake ni kutoa maji?»

Swali hilo nililibeba kwa ofisi zaidi ya moja. Fasi moja waliniambia hiyo ni kazi ya jimbo. Fasi ingine waliniambia ni ya komini. Ya tatu walinitazama kama vile ninatafuta pesa ya kujaza mufuko wangu. Nikaamua kusoma mwenyewe, kuuliza wanaojua, na kuandika hapa kile nilichoelewa, juu ya sisi wachimbaji na familia zetu ndio wengi tunaokaa kwenye parseli za bei chini, na parseli za bei chini ndizo maji yanazozijua.

Tuanze na maji yenyewe. Watu wanasema siku hizi mvua imezidi. Labda. Lakini kuna hesabu ambayo haiitaji kusoma sana. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ya mabati ya mita 10 kwa 8. Ni mita 80 za mraba. Mvua kali ya milimita 50 ikinyesha, bati hiyo peke yake inatupa lita 4.000. Ni pipa 20 za lita 200, kutoka nyumba moja. Kama avenue iko na nyumba 100 za namna hiyo, ni pipa 2.000, na zote zinashuka kwa saa ile ile moja, zinatafuta njia ile ile moja.

Zamani fasi hiyo ilikuwa na nyasi, mihogo, migomba. Udongo ulikunywa. Mainjinia wanapopanga mifereji wanatazama vitu vitatu: ukubwa wa fasi inayokusanya maji, nguvu ya mvua kwa saa, na sehemu gani ya maji inakimbia bila kunywewa na udongo. Kwenye nyasi, inayokimbia inaweza kuwa kama moja ya tano tu. Kwenye mabati, simenti na lami, ni kama nne za tano na zaidi. Maana yake mvua ile ile ya wakati wa baba zetu leo inaweza kuleta maji mara nne kwa mufereji ule ule. Mvua siyo lazima ibadilike. Sisi ndio tumebadilika.

Na Bunia imebadilika kweli. Tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Ituri. Kabla ya hapo tulikuwa chini ya Kisangani. Ofisi zimekuja, miradi imekuja, nyumba za kupangisha zimeota kila fasi. Halafu tangu mwisho wa 2017 vita ya Djugu, na kisha Irumu, imesukuma watu wengi sana kukimbilia hapa. Wengine wako kwenye kambi kama Kigonze, wengine wamebanana ndani ya nyumba za bandugu, wengine wamenunua kipande cha ardhi fasi yoyote waliyoipata. Fasi iliyokuwa imebaki ni ile ya maji: pembeni ya Nyamukau, pembeni ya Ngezi, kwenye mabonde madogo ambayo wakati wa kiangazi unaona ni njia ya mbuzi tu.

Maji yote ya muji huu mwisho wake ni Shari, na Shari inaingia Ituri, Ituri inakuwa Aruwimi, Aruwimi inaenda kwa Muto Congo. Njia iko. Shida ni kilomita chache za kwanza, kati ya bati ya nyumba na muto.

Hapa ndipo ninapenda wachimbaji wasikilizwe, kwa sababu hiyo ni kazi tunayoijua. Shimo likijaa maji, hakuna PDG mwenye akili anayeanza kuchimba kanali kutoka juu. Unaanza chini, pale maji yatakapotokea. Unatazama kama muto uko na nafasi ya kuyapokea, kisha unapanda nayo polepole kuelekea shimo, unalinda mteremko. Ukianza juu, unapeleka maji kwa shimo la mwenzako, na hiyo ni vita. Kule karieri tumeshaona watu wakipigana kwa mapanga juu ya kanali moja.

Lakini mujini tunafanya kinyume. Nimeona kanivo nzuri ya simenti pembeni ya barabara, imefuata lami vizuri, halafu ghafla inaishia kwenye mgongo wa parseli ya mutu. Barabara ilikuwa na bajeti, mufereji wa kutokea haukuwa nayo. Wenye barabara walipiga picha, wakaenda. Mama mwenye parseli ile kila mvua anachimba bonde lake mwenyewe kwa jembe. Na sisi wananchi tunafanya hivyo hivyo siku ya salongo: kila mutu anatoa matope mbele ya mulango wake na kuyasukuma mbele ya mulango wa jirani. Mvua inarudisha yote.

Sasa, nani kazi yake? Kwa karatasi, leta ilishaweka ofisi ya jambo hili tangu 1987: Office des Voiries et Drainage, OVD. Barabara za ndani ya miji na mifereji yake ni kazi yake. Zile kubwa zinazotoka muji mmoja kwenda mwingine ni za Office des Routes. Kisha tangu sheria ya 2008 juu ya ville, komini, sekta na sheferi, ville na komini nazo ziko na kazi zao na bajeti zao: Bunia iko na ofisi ya meya na komini tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari. Jimbo nalo liko juu. Kwa hiyo yule aliyeniambia ni kazi ya mwengine hakudanganya kabisa. Kazi ni ya watatu, na kazi ya watatu bila mukubwa mmoja wa kuipanga ni kama ng'ombe wa bandugu watatu: kila mutu anakamua, hakuna anayemupeleka kwa majani.

Kinachokosekana kwanza siyo hata simenti. Ni mupango mumoja wa muji mzima, unaosema maji ya kartie hii yanapita hapa, yanatokea pale, mufereji huu upana wake huu, na tunaanza na huu kabla ya ule. Bila mupango huo, kila mufadhili na kila mukubwa anajenga kipande chake fasi anayopenda.

Tukuje kwa pesa.

Katiba yetu, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, yakatwe pale pale kwenye chanzo. Kila mutu anajua haiendi hivyo. Pesa inapanda Kinshasa kwanza, kisha inarudi kidogo, na kwa kuchelewa. Ndani ya kile kinachofika jimboni, sheria ya 2008 inapatia ville, komini, sekta na sheferi sehemu ya asilimia 40. Uliza burgumesta wako, kwa heshima lakini uulize, mwaka huu imefika ngapi. Kuuliza siyo uasi.

Halafu kuna FONER, mfuko wa kutengeneza barabara, unaolishwa na kila lita ya mafuta. Mwenye pikipiki anayekupeleka Mongbwalu analipa, mwenye motopompe shimoni analipa pia, hata kama motopompe haijawahi kupita barabara yoyote. Barabara bila mufereji inakufa kwa misimu miwili, kwa hiyo mufereji ni sehemu ya kutengeneza barabara. Hoja hiyo iko na nguvu, lakini sisikii watu wakiitumia.

Na kuna zahabu. Hapa nitakaa kidogo.

Kodi ya Madini, ile iliyobadilishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018, inasema kampuni inayotoa zahabu inalipa redevansi ya asilimia 3,5. Pesa hiyo inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali ya taifa, 25 kwa jimbo, 15 kwa ville, sekta au sheferi ambamo mugodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tufanye hesabu. Zahabu ya dola milioni moja ikiuzwa na kampuni, redevansi ni dola 35.000. Kinshasa inachukua 17.500, jimbo 8.750, sheferi au sekta 5.250, na vizazi vijavyo 3.500.

Ona basi. Ville ya Bunia haina mugodi katikati ya soko, kwa hiyo ile 15 siyo yake, na sisi wa sendika hatutaki ichukuliwe kwa ndugu zetu wa sheferi ambao ndio wanaona mito yao ikichafuka. Fungu ambalo Bunia inaweza kuliomba ni ile 25 ya jimbo. Lakini 25 ya nini? Mugodi mukubwa wa viwanda wa upande huu, Kibali, uko Watsa, jimbo la Haut-Uélé. Redevansi yake inaenda kwao. Zahabu ya Ituri kwa sehemu kubwa inatoka kwa mikono yetu, wachimbaji wa karieri, na zahabu ya mikono haipiti kwa mulango ule wa 3,5. Inapita kwa negosia, kwa komptuari, na sehemu kubwa inavuka Uganda mufukoni bila kuandikwa fasi yoyote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo mwaka baada ya mwaka.

Najua makamaradi wengi watakasirika nikisema hivi. Watasema: tayari tunalipa kizuizi hiki na kile, mwenye bunduki huyu na yule, karatasi ya hapa na ya pale. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimelipa vizuizi vitatu ndani ya siku moja bila kupewa risiti hata moja. Lakini pesa ile ya vizuizi haijengi hata mita moja ya kanivo. Msimamo wangu, na ninausema kwa jina langu siyo kwa jina la sendika yote: afadhali kodi moja yenye risiti, ikiandikwa wazi ni ya kazi gani, kuliko kumi za gizani. Zahabu inayovuka kwa siri haina haki ya kudai mufereji. Na leta inayokusanya bila kutoa hesabu haina haki ya kushangaa kwamba zahabu inavuka kwa siri. Nani aanze? Leta, kwa maana yeye ndiye mukubwa.

Kuna programu ya maendeleo ya teritware 145 ambayo watu wanaitaja sana. Tuelewane: ni ya teritware, na Ituri iko nazo tano, Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Ville ya Bunia siyo teritware. Tusikae kungojea mufereji kutoka huko.

Wafadhili wakubwa wako pia. Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2022 dola milioni 100 kwa Kananga, juu ya mmomonyoko uliokuwa unakula muji, na sehemu ya kazi ni mifereji. Mbele ya hapo kulikuwa na mradi wa maendeleo ya miji uliogusa Bukavu, Kalemie, Kindu na mingine. Bunia haikuwemo. Sisemi juu ya wivu. Ninasema kwa sababu muji usiokuwa na mupango tayari mezani haupati zamu. Mufadhili anauliza muko na nini, na wewe unamuonyesha picha za mafuriko.

Tena kungojea kuna bei yake. Kinshasa Desemba 2022, usiku mmoja wa mvua uliua watu zaidi ya mia moja. Kalehe, Kivu ya Kusini, Mei 2023, zaidi ya mia nne. Mito ya hapa kwetu siyo ile ya Kalehe, milima yetu siyo ile, lakini maji hayaulizi cheti.

Wenzetu wa Dar es Salaam nao wako na muto wao, Msimbazi, ambao kila mwaka unafunga barabara ya Jangwani. Walianza na kitu ambacho sisi tunaweza kufanya bila kungojea milioni. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo pamoja na watu wa mitaa walizunguka na simu, wakaandika kila mufereji: upana wake, kina chake, fasi umeziba, fasi maji yanafika mlangoni. Kazi ile waliiita Ramani Huria. Ramani hizo zilisaidia mainjinia kujua hali ya kweli ya mitaa, kwa maana mwenye kujua maji yanafika wapi ni mama anayekaa pale, siyo mgeni mwenye kofia. Baadaye, 2022, Benki ya Dunia, Hispania na Uholanzi waliweka pamoja kama dola milioni 260 kwa bonde lile.

Lakini Msimbazi iko na upande mwingine ambao wachimbaji sherti waujue. Mwisho wa 2015 nyumba za bondeni zilibomolewa kwa tingatinga, na watu walibaki inje na vitanda vyao kwenye mvua. Ni katika mradi ule wa baadaye ndipo wenye nyumba walipimiwa na kulipwa. Hapa Bunia, siku ambayo mutu atasimama na kusema Nyamukau ipanuliwe, nyumba za nani zitaguswa? Zetu. Na wengi wetu tuko na karatasi ya parseli yenye mihuri, tulilipa pesa ya kweli kwa mutu wa kweli mwenye kiti na meza. Aliyeuza njia ya maji hakai njiani mwa maji. Kwa hiyo sendika iombe mambo mawili kwa pamoja, siyo moja: hakuna nyumba inayoangushwa kabla haijapimwa na mwenyewe kulipwa, na tangu leo hakuna parseli mpya inayouzwa kwenye bonde, hata kwa ndugu wa mukubwa. Ukiomba la kwanza bila la pili, kila mwaka kutakuwa na watu wapya wa kulipwa na muto hautapanuka hata siku moja.

Juu ya pesa ndogo za komini, Bukavu iko na mfano. Kwa miaka mingi sasa komini kama Bagira zimejaribu bajeti ambayo wananchi wanakaa pamoja na kuchagua kazi ya kuanza nayo. Watu waliitwa hata kwa mesaji za simu. Hazikuwa pesa nyingi. Lakini mutu aliyechagua daraja dogo anajua bei yake, na akipita akikuta halijajengwa, anauliza. Kwetu tuko katika etat de siège tangu tarehe 6 Mei 2021, wabunge wa jimbo wamewekwa pembeni, na kwa hiyo hakuna muchaguliwa wa jimbo wa kuuliza hesabu mbele ya watu. Sababu zaidi ya kubandika bajeti ukutani mwa komini, kwa Swahili na kwa Kifaransa, mustari wa mifereji uonekane.

Mustari huo uwe na sehemu mbili, ya kujenga na ya kusafisha. Kusafisha kila mutu anaisahau. Kanivo ya mita nzuri ikijaa mchanga na mifuko ya plastiki inakuwa barabara ya miguu. Mifuko hiyo dekreti ya Desemba 2017 ilishaikataza, lakini pita sokoni uone. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, ndiyo ya kutoa mchanga, kabla ya mvua ya Machi. Kazi hiyo ni ya jembe na toroli, na muji huu umejaa vijana na wakimbizi wa vita wanaotafuta kazi ya siku. Fonds social kwa mradi wa STEP ilishafanya huku Mashariki kazi za mikono mingi za namna hiyo. Mutu anapewa malipo ya siku, mufereji unapumua. Ni kazi rahisi kuliko zote nilizotaja, na ni ile inayokosa bajeti mbele ya zote, maana haina utepe wa kukata.

Kwa hiyo sehemu zote za sendika zilizo na familia Bunia, ombi liko hivi. Kabla ya mwisho wa Desemba, kila avenue ilete karatasi moja: maji yanaingia kutoka wapi, yanatokea wapi, yanafika urefu gani, yanakaa saa ngapi, nyumba ngapi, choo ngapi zinafurika na kumwaga ndani ya visima. Vijana wa Université de Bunia na wa ISP tutawaomba watusaidie kuziweka kwenye ramani moja. Nakala moja kwa komini, moja kwa meya, moja kwa OVD, moja kwa ofisi ya gavana, na kila nakala tunarudi na muhuri wa kupokelewa.

Kamaradi wangu amerudi Mongbwalu. Simenti yake iliyokuwa jiwe ameipanga mbele ya mulango, mifuko yote kumi na miwili. Bibi yake ndiye ameanza karatasi ya avenue yao. Kila mvua kubwa ikipita anachora mustari ukutani na makaa pale maji yalipofikia, na kuandika tarehe pembeni. Nilipopita juzi kulikuwa na mistari mitatu. Ule wa juu unanifikia kwenye paja.